Viazi vya Ijumaa Kuu

Kwao Nebraska viazi hupandwa Ijumaa Kuu, inyeshe mvua au idondoke theluji, na Corinne Hruska hakuwa mtu wa kuacha desturi eti kwa sababu ya saratani. Alitolewa nje na kiti chake, kajifunika mablanketi mawili, akawa anakata viazi vya mbegu na kumrushia bintiye Tessa. "Jicho la kiazi liangalie juu, we mtoto! Nani kakufundisha kazi, nguruwe wa baba yako?" Tessa alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mwezi wa sita Corinne akafariki.

Sasa ilikuwa Julai, wiki ya maonyesho ya kaunti, na Tessa, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa na neno moja tu: viazi vya mama vikae mezani. Aproni aliyoshonea klabu ya vijana ilikuwa tayari, keki nayo tayari, lakini hivyo hakuvijali sana. Alitaka sahani ya viazi vitano vyekundu ikae ukumbini wiki nzima, kaunti nzima ipite iione, maana mama hatapanda vingine.

Baba yake, Leland, alikuwa mtu wa mahindi na nguruwe. Mambo ya bustani miaka yote alimwachia mkewe. Yeye kazi yake siku ya maonyesho ilikuwa kuendesha pikapu na kula soseji. Tangu mazishi alikuwa akizunguka humo nyumbani hajui ashike lipi, aache lipi. Mama Vondra, kiongozi wa klabu, alimjua vizuri, akampigia simu kumwonya.

"Leland, mikono mfukoni! Kazi ni ya mtoto. Wakijua mzazi katia mkono, sahani inaondolewa mezani."

"Nitie mkono wapi mimi? Hata kitunguu sikijui."

"Ndiyo maana nimepiga."

Asubuhi ya maonyesho Leland aliamka kwenda kulisha nguruwe, akaviona vile viazi barazani, vimepangwa juu ya gazeti, udongo umevikaukia. Roho ikamuuma. Mtoto kachoka, alisema moyoni, kashona mpaka kapitiwa na usingizi, hata kuosha hakuwahi. Na kuosha tu si kutia mkono, jamani! Nguruwe wa maonyesho huogeshwa akasuguliwa mpaka ang'ae. Kila mtu anajua hilo. Basi akachukua brashi ya ndoo, akafungulia maji, akavisugua kiazi kimoja baada ya kingine, huku akipiga mluzi. Masikini, alikuwa hajapiga mluzi tangu majira ya baridi.

Tessa alitoka na kitambaa laini mkononi, akasimama mlangoni.

"Umeviosha," alisema.

"Vinang'aa, sivyo?"

Mtoto akakikunja kile kitambaa. "Vinang'aa, Baba. Asante." Kisha akaenda bustanini, akapekuapekua matuta na kurudi mikono mitupu. Leland alidhani kaenda kumkumbuka mama yake, akamwacha.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo aliyetoka kaunti ya mbali, kama ilivyo kawaida, asije akampendelea mtoto anayemjua. Mtoto hukaa mbele yake wakaongea. Mzazi husimama nyuma na kufunga mdomo. Jaji alikiinua kiazi, akakigeuza, akatikisa kichwa.

"Lo! Mwanangu, hivi vimepigwa brashi? Ona ngozi ilivyoambuka. Kiazi kipya hakiguswi na maji. Unakiacha kikauke, unakipangusa na kitambaa, basi. Nani kafanya hivi?"

Masikio ya Leland yakawaka moto. Akafungua mdomo. Tessa, bila kugeuka, alipeleka mkono nyuma ya mgongo na kumpungia anyamaze.

"Mimi," alisema.

"Na vilivyo vizuri hivi! Vimelingana kama vimezaliwa pamoja. Utepe wa zambarau, wa juu kabisa, ulikuwa wako huu. Nyumbani hawakukufundisha?"

"Nilifundishwa. Nilisahau."

"Haya, mwambie mama yako mwakani akusimamie vizuri zaidi."

"Nitamwambia," alisema Tessa.

Mama Vondra, aliyekuwa pembeni, alijiziba mdomo kwa kiganja. Leland alibaki palepale. Akisema, sahani inaondolewa. Asiposema, Corinne, ambaye hakuwahi kuacha hata karoti moja iende mezani na kasoro, anasemwa mbele za watu kwamba hakumfunza mwanawe. Alinyamaza, na aibu ile ilimuuma kuliko chochote kilichomuuma tangu mazishi. Viazi vikapewa utepe mweupe, wa mwisho kabisa, vikawekwa mezani na jina la Tessa mbele yake.

Walipanda pikapu, wakashika njia ya nyumbani.

"Mbona hukuniambia asubuhi?" Leland aliuliza.

"Ulikuwa unapiga mluzi."

Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mahindi.

"Tupitie makaburini, Baba. Nimesema nitamwambia."

Kaburi lilikuwa bado halijawekewa jiwe, na nyasi zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua. Tessa alichuchumaa, akajipangusa mikono kwenye suruali kama mtu anayeingia jikoni kwa mama yake.

"Mama, vimekaa mezani," alisema. "Ila vimepata mweupe. Ulinifundisha vizuri, nami nikavipiga brashi. Nisamehe."

Leland alivua kofia. Magoti yake hayakuwa mazuri siku hizi, lakini aliyakunja, akapiga magoti kando ya binti yake.

"Anakudanganya, Corinne," alisema. "Ni mimi. Sikujua, mke wangu. Sikujua chochote."