Wa Nne Ndani ya Glasi

Niliota usiku wa jana mama ananiomba maji. Hata nje ya ndoto mama anaumwa, homa imemkausha midomo, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Nikachukua glasi, nikaenda mtungini.

"Panga foleni," mtungi ukaniambia.

Mimi simwamini mtu haraka. Maziwa nanusa kwanza, nyama naigeuza pande zote, na muuzaji akinichekea sana nahama duka. Lakini mama alikuwa na kiu. Nikapanga foleni.

Mara jikoni si jikoni tena, ni geti la mpakani, na glasi yangu ndiyo nchi ya pili. Getini kasimama askari anayewaka wekundu mwili mzima. Kifuani kaandikwa NEONI. Nampa mkono, anautazama tu.

"Sishikani mkono na mtu," anasema. "Ndiyo maana nikapewa kazi hii."

Huyo nikampenda kidogo.

Atomu zikaanza kupita, tatu tatu. Katikati oksijeni, mnene mwenye mikono miwili, na kila upande haidrojeni, mwembamba mwenye mkono mmoja, kamng'ang'ania. Nikauliza mbona hawaachiani.

"Wana vifungo," akasema askari.

"Wamefungwa kwa kosa gani?"

"Mkono mtupu. Hapa ukiwa na mkono mtupu, unatafutiwa wa kushikana naye. Hao watatu ni molekuli moja ya maji. Usiwatenganishe, utabaki na hewa, na mama yako haombi hewa."

Glasi inajaa. Naanza kutulia, jambo ambalo huwa silipendi. Kisha linapita kundi jingine, nami nalihesabu mara mbili. Haidrojeni, oksijeni, oksijeni, haidrojeni.

"Afande, hawa wako wanne."

"Kuna mkono mtupu?"

Hakukuwa na mkono mtupu. Oksijeni wawili walikuwa wameshikana wenyewe kwa wenyewe, na mkono uliobaki kila mmoja kampa haidrojeni wake.

"Basi halali. Wapite."

"Wewe ni nani?" nikamuuliza yule oksijeni wa ziada.

"Binamu tu, dada. Nasindikiza." Akatabasamu. "Sisi na maji ni wamoja. Hebu tutazame vizuri, unaona tofauti?"

Kweli, rangi hawana, tofauti sikuiona. Hapo ndipo nilipomshuku. Mtu asiye na jambo hakwambii umtazame vizuri.

"Kazi yako nini?"

"Kusafisha vidonda. Kutoa rangi kwenye nywele, kwenye nguo."

"Na tumboni?"

Akajitosa ndani ya glasi. Haidrojeni wake akaangalia chini.

Sasa geti ni chumba cha mama. Mama kaketi kitandani, kanyoosha mkono, analia bila machozi kwa sababu hata machozi yamekwisha.

"Lete, mwanangu. Mbona unaninyima?"

"Mpe," anasema askari. "Sheria haijavunjwa."

"Mpe," inasema glasi.

Naogopa. Nikimpa, huenda namuua. Nikimnyima, kiu itammaliza, na atakwenda akijua ni mimi niliyemnyima. Nikaimwaga glasi yote miguuni pake. Mama akanipa mgongo.

Nikaamka na aibu kifuani. Kumeshakucha. Mama yuko macho, anaiokota kanga yake nyekundu iliyoanguka kando ya kitanda. Anaikunjua, anaitazama, ananitazama mimi. Katikati ya wekundu kuna doa jeupe pe, bado bichi kingoni.

"Mwashamba, nani kaniharibia kanga?"

Nikasema sijui.

"Haya, yameshapita. Niletee maji basi, koo limenikauka."

Nikaenda mtungini, nikachota, nikarudi. Mama akanyoosha mkono. Nikamwambia asubiri kidogo, nikanywa mimi kwanza.