Makoti ya Pell Creek

Kitambaa kilitoka katika kiwanda cha sufu cha Pell Creek penyewe, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani ya Kaskazini. Mwenye kiwanda alikuwa na marobota ya kijivu yaliyokosa mnunuzi. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipoanza akayatoa bure, na watu wakampigia makofi kanisani. Wanawake wa mji wakagawana kazi. Lovina Pruitt alishona makoti mawili, moja la mumewe Alvah na jingine la mdogo wake Orrin, huku mtoto wake mchanga, Hettie, amelala kapuni miguuni pake.

Wanaume wa Pell Creek walijitolea kwa pamoja, wakatiwa kombania moja. Waliosita waliona aibu kubaki na vizee. Siku ya kuondoka, pale stesheni, Lovina alimfunga Orrin vifungo mpaka chini ya kidevu kama anayempeleka shule, kisha akamgeukia mumewe.

"Huyu nakukabidhi wewe," alisema. "Unirudishie."

Alvah alicheka, akaahidi kumrudisha amenenepa. Lakini gari moshi lilipoondoka aliona mkewe bado amesimama palepale, hapungi mkono, anawatazama tu, na lile neno likamkaa kifuani njia nzima mpaka Virginia.

Huko Virginia, Julai iliwapokea kwa joto la tanuri. Sufu ya Wisconsin ilishonwa na watu waliokuwa wakifikiria theluji. Vikosi vingine vya Kaskazini vilikuwa vimepewa sare za buluu, na wao pia waliahidiwa za buluu. Kila wiki kapteni aliambiwa ziko njiani. Wakati huo maneno yalikuwa yameanza kuzagaa kambini kwamba wengi wa waasi wa Kusini nao huvaa kijivu. Watu walilifanyia mzaha. Orrin alisema basi yeye akichoka kula biskuti za Kaskazini atavuka kijito akajaribu za Kusini, hakuna atakayemgundua.

Asubuhi ya vita walitembezwa tangu kabla ya mapambazuko. Kando ya barabara yalizagaa mablanketi na masufuria waliyotupa waliotangulia. Wenzao kadhaa wa Pell Creek walivua makoti yao wakayaacha juu ya ua wa mbao wa mkulima mmoja, wakaendelea na mashati. Orrin naye akalivua lake, akalikunjakunja tayari kulitupa.

"Livae," Alvah alimwambia.

"Shemeji, nachemka. Nikifa kwa jua utamwambia nini dada?"

"Dada yako alikuwa ananyonyesha kwa mkono huu, anashona kwa mkono huu. Nimemwona akijichoma sindano kwa usingizi. Halafu wewe ulitupe kwenye ua wa mtu usiyemjua?"

Orrin alimtazama kuona kama ni utani. Haukuwa utani. Akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni kwa makusudi ya kumchokoza, akamwuliza kama sasa yaya wake ameridhika. Wenzao wakaangua kicheko. Alvah naye akacheka, moyo umemtulia, maana aliona kwa siku hiyo ametimiza wajibu wake.

Walipandishwa kilima mchana. Kuhusu kule juu, Alvah baadaye hakuweza kusema mengi: moshi, kelele, kapteni akifungua kinywa bila sauti kusikika, mtoto wa mhunzi wa mjini kwao amekaa chini akishika goti lake kwa mshangao. Walipiga, wakapigwa, wakaambiwa warudi nyuma. Orrin alikuwa mzima. Alvah alikuwa amemshika mkanda muda wote, na alipomwona amekuwa mweusi uso mzima kwa baruti, anakohoa lakini ana miguu miwili na mikono miwili, alitaka kulia kwa furaha.

Chini ya mteremko, nyuma ya ua wa mbao, palikuwa na kikosi kingine cha Kaskazini, watu wa buluu. Upepo haukuwapo hata kidogo. Bendera zilining'inia kama nguo zilizoanikwa, hakuna aliyeweza kuzitambua. Orrin alipowaona wale wa buluu alijichomoa mkononi mwa Alvah, akakimbia mbele amepanua mikono, akicheka.

"Ni sisi!" alipiga kelele. "Ni sisi!"

Ua wote ukawaka moto wa bunduki.

Alvah, aliyekuwa akimkimbilia, alipigwa mkononi, akaanguka juu ya Orrin. Nyuma yake kapteni alikuwa akilia na kutukana, na huko mbele ofisa mmoja akawa anapiga bunduki za watu wake kwa upanga ziangalie juu. Moto ulipokoma, askari mmoja wa buluu aliruka ua, mtu mzima mwenye ndevu, akapiga magoti. Alishika ukosi wa koti la Orrin kwa vidole viwili.

"Mbona mmevaa hivi?" aliuliza. "Jamani, mbona mmevaa hivi?"

Orrin alikuwa ameshakata roho, vifungo vyote vimefungwa. Wale waliotupa makoti yao asubuhi walipita na mashati meupe, wakainamisha vichwa.

Alvah alirudi Pell Creek Oktoba, mkono wa kushoto umekauka. Jiko lilikuwa likiwaka, na Lovina alikuwa amempikia maharage na nyama ya nguruwe anavyoyapenda. Barua ya kapteni ilikuwa imesema Orrin alikufa akiwakabili adui. Lovina hakumlaumu mumewe. Alisubiri amalize kula, ndipo akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa amelivaa koti langu?"

Alvah aliitazama sahani.

"Alikuwa amelivaa."

"Afadhali," alisema Lovina, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilikuwa naogopa kwamba amelitupa. Unamjua alivyo. Basi angalau alikuwa na kitu changu mwilini."

Lovina alijifuta uso kwa aproni, akaenda kumwinua Hettie kitandani, amwonyeshe baba yake alivyokua. Mtoto alikuwa amevalishwa kijikoti cha kijivu kilichoshonwa kwa mabaki ya kile kitambaa, kimefungwa vifungo mpaka kidevuni. Lovina akasema kiwanda kimeomba wanawake waanze kushonea kombania ya pili; kitambaa bado kipo tele.

Alvah alimpakata mtoto. Kwa ule mkono mmoja uliobaki mzima akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja.

"Atapata baridi," Lovina alisema.

"Mwache," Alvah alijibu, akaendelea mpaka kifungo cha mwisho. "Lovina, kaa kwanza. Makoti haya msishone tena."