Kamba ya Nguo Darini

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta. Tena si mjinga wa kujificha; mjinga aliyepanda ngazi mbele za watu, brashi imepachikwa nyuma ya sikio, anaimba.

Jina langu Garfield Pynn. Miaka mingi nilipaka rangi nyumba za mji wa bandari wa St. John's, zile zilizobanana mlimani, nyekundu, bluu na manjano, mpaka upepo uliponishusha kutoka paa la watu bila kuniuliza. Nyonga ilivunjika, na meno mawili yalibaki uani kwa mwenye nyumba. Nikalazwa, nikaitazama dari nyeupe ya wodi wiki baada ya wiki hadi nikaanza kuitukana. Kwa hiyo hospitali hiyohiyo ilipotafuta mchoraji wa kuwachangamsha wagonjwa, nilikwenda nachechemea, nikawaambia: nipeni dari.

Wakanipa ya chumba cha mionzi. Mle mna mashine kubwa, kitanda chembamba, na Calvin Bursey, mwendesha mashine, mtu ambaye hata salamu huitoa kama anakopesha.

"Garf," aliniambia siku ya kwanza, "mimi natibu saratani, wewe unatibu dari. Tusikanyagane."

"Dari yako inaumwa, ndugu yangu. Na wewe mwenyewe ungepigwa mkono mmoja tu wa rangi ungependeza."

Hakucheka. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa Bi Dulcie Noseworthy, mjane kutoka kijiji cha Cuff Harbour, mwenye uvimbe pafuni. Tiba ilimtaka alale chali, mikono juu ya kichwa, atulie kama jiwe. Mara mbili alilazwa, na mara mbili akashuka kabla mashine haijaanza, akavaa koti lake, akaenda kungoja gari la kumrudisha. Daktari alishasema wazi: akishuka tena, basi. Kumlaza usingizi kwa dawa hakukuwezekana, mapafu yake yasingestahimili.

Nikamfuata nimuulize shida ni nini.

"Shida?" akasema. "Nanyoshewa mikono juu kama mtu anayeporwa, halafu mnaniacha peke yangu na hiyo dari yenu nyeupe. Mwanangu, pale nalitazama jeneza langu kwa ndani."

"Sasa ungependa kuona nini, mama?"

"Jumatatu."

"Jumatatu inafananaje?"

"Kwani wewe mama yako hakufua?"

Akanieleza kama anamfundisha mtoto mzito: Jumatatu kwao ni siku ya kufua. Kamba nyuma ya nyumba, upepo kutoka bandarini, shuka zimevimba. Nguo za ndani kamba ya ndani, mchungaji akipita asizione. Na mashati hutundikwa kwa pindo la chini, kamwe si kwa mabega. "Anayetundika shati kwa mabega," akasema, "hata mkate wake haujaiva katikati." Pale kati nimwekee shati la bluu lenye kiraka kwenye kiwiko. Lilikuwa la Cecil, marehemu mumewe.

Nikachora jinsi alivyoagiza, kwenye vibao vya dari. Niseme ukweli, sijawahi kuchora kitu kizuri vile. Nilikitundika kipande kwa kipande darini, nikashuka, nikasimama mlangoni mkono kiunoni. Nyumba ilisimama, bahari ikang'aa chini yake, mashati yakaning'inia na mikono yao chini, yamejaa upepo. Pembeni nikaweka jina langu, herufi za kuonekana.

"Si mbaya," Calvin akasema. Kwa Calvin, hizo ni fataki.

Bi Dulcie akaletwa, akalazwa, mikono juu. Mimi na Calvin tukatoka, tukafunga mlango mzito, tukawa tunamwona kwenye skrini. Nilikuwa nahema kama mbwa aliyeona mfupa. Sauti yake ikaja kwenye spika.

"Garfield."

"Naam, mama!"

"Mbona nyumba yangu imesimamia bomba la moshi?"

Ndipo nikaelewa. Dari nzima nilikuwa nimeipanga ionekane vizuri na mtu aliyesimama mlangoni. Mzima wa afya mwenye miguu yake! Yule aliyelala kitandani aliona kila kitu kichwa chini, miguu juu.

Calvin akageuka polepole. "Wiki zote hizo," akasema, "ulikuwa unamchorea popo."

Nikakamata ngazi. "Usishuke, mama! Naja kuigeuza!"

"Ngoja kwanza," sauti ikasema.

Tukangoja. Kwenye skrini sikumwona akishuka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nikafikiri analia. Calvin alishaweka mkono kwenye mpini wa mlango.

"Mashati," Bi Dulcie akasema, na kicheko kikamtoka. "Tazameni mashati! Yote yamenyosha mikono juu kama mimi. Cecil naye! Cecil, ambaye hata kwenye harusi yetu alikataa kucheza, tazama anavyorusha mikono! Kumbe sikuporwa peke yangu." Akavuta pumzi. "Calvin, mwanangu, washa hilo jiko lako kabla sijaanza kucheka upya."

Calvin akawasha. Mashine ikaunguruma, ikaanza kumzunguka. Bi Dulcie akatulia, kidevu juu, macho darini. Mimi nilimshika Calvin mkono wa koti, naye, wallahi, akanishika wa kwangu. Ikafika upande wa pili. Ikarudi. Hata kidole hakikucheza. Iliponyamaza, Calvin aliruka kama timu yake imefunga bao.

"Amemaliza! Garf, amemaliza!"

Tukaingia mbio. Mimi niliingia na ngazi.

"Hiyo ya nini?" Calvin akaniuliza.

"Kugeuza. Kesho nataka aione sawasawa."

"Gusa kipande kimoja nikuvunje nyonga ya pili."

"Calvin! Si wewe uliyesema natibu dari?"

"Imetibika, iache. Mgonjwa akipona unamrudisha wodini?"

"Jina langu liko pale, bwana! Kila atakayelala hapa atasema Garfield Pynn alichora amelewa."

"Kwani watakosea?"

Nikaegemeza ngazi, Calvin akaiondoa. Nikaegemeza tena, akaikalia. Tulikuwa tumeanza kutajiana mama zetu wakati Bi Dulcie, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga vifungo vya koti, aliposafisha koo.

"Garfield, anayetaka kuiona wima ana miguu, na akasimame mlangoni. Mimi kesho nina miadi ya kucheza na mume wangu."