Kopo la Vidonge Vilivyobaki

Katika nyumba ile ya vyumba sita, mlango uliopigwa hodi kuliko yote ulikuwa wa Mama Kopo. Si kwamba alikuwa na maneno matamu, na chai yake watu walisema ni maji yaliyotishwa na majani. Alikuwa na kopo.

Lilikuwa kopo la zamani la maziwa ya unga, rangi imebanduka ubavuni, na lilikaa juu ya kabati karibu na cherehani yake. Ndani mlikuwa na vidonge: vyekundu kwa vyeusi, vya njano, vyeupe vilivyokatwa nusu kwa wembe, vingine bado vimo kwenye karatasi zake za kung'aa, vingine vimefungwa kwenye vipande vya vitambaa vya kushonea. Mtu akikohoa, akivimba jino, mtoto akiharisha, alikwenda kwa Mama Kopo kama anavyokwenda kuomba chumvi. Naye alifungua, akainamisha kichwa, akachagua kwa rangi.

"Hivi ni vya kifua. Kunywa viwili leo, viwili kesho. Ukipata nafuu, vingine nirudishie. Akiba haiozi."

Usimcheke haraka. Kabla ya binti aliye naye, alizaa mtoto mwingine. Homa ilimshika mtoto yule siku ya mapumziko, zahanati imefungwa, duka la dawa limefungwa, na ndani hamkuwa na kidonge hata cha kichwa. Zahanati ilipofunguliwa, hapakuwa tena na wa kupelekwa. Tangu hapo Mama Kopo aliapa kwamba nyumba yake haitakosa dawa. Kila walipoandikiwa dozi, homa ikishuka tu alisimamisha, vilivyobaki vikaingia kopo. Mama gani asiyeweka akiba kwa ajili ya mwanawe?

Baba mtoto alikuwa amefuata kazi mbali. Mwanzo simu ilikuwa kila wiki, kisha kila mwezi, kisha ikabaki ile ya "nitakupigia". Akabaki yeye, cherehani, na binti wa miaka kumi, mwembamba, ambaye nyumba nzima walimwita Kijiko, maana tangu utotoni kijiko cha dawa hakikumtoka mdomoni. Na ukweli usemwe: bila kopo lile, siku nzima ingepita bila mtu mzima kumwambia Mama Kopo hata "habari za leo". Hodi zilikuwa zake.

Mwaka ule Kijiko alianza kulalamika kwamba akikojoa anaungua. Mama akachagua vidonge vya njano, siku mbili, maumivu yakaisha. Baada ya wiki tatu yakarudi. Akampa tena vya njano, na nusu ya kidonge cheupe juu yake ili kuongeza nguvu. Yakaisha. Yakarudi. Mara ya tatu akarudia vilevile; mara ya nne akampa vyekundu kwa vyeusi, ambavyo msusi wa chumba cha nne aliwahi kupewa kwa jipu na kurudisha vinne. Msusi ndiye aliyekuwa karibu yake kuliko wote. Akitoka kusuka alipita kwake kunyoosha mgongo, na mtoto wake mchanga alizoea kulala juu ya marobota ya vitambaa. Yeye ndiye aliyesema labda mtoto apelekwe akapimwe mkojo. Mama Kopo akajibu kwamba hospitali wangempa vilevile vya njano, kwa hiyo ya nini kwenda kupanga foleni kwa kitu kilichomo ndani?

Mara ya tano hayakuisha. Kijiko aliamka anatetemeka meno yanagongana, kiuno hakigusiki, macho yamekuwa ya mtu asiyekuona. Msusi alimbeba hadi barabarani, Mama Kopo akimfuata nyuma na kiatu kimoja.

Hospitalini daktari, mwanamke wa sauti ya chini, aliuliza mambo mengi kwa upole, na katikati ya hayo akauliza mtoto ametumia dawa gani miezi ya karibuni. Mama Kopo akatazama chini. Akaliona kopo akilini. Akaona jinsi watakavyomtazama: mama mwenye cherehani aliyejifanya daktari. Akasema hajatumia chochote.

"Hata kidonge kimoja?"

"Hata kimoja, daktari."

Basi daktari akaanza na dawa ambayo angeanza nayo kwa mtoto yeyote. Ilikuwa ndugu mmoja na vile vya njano, ila hii iliingia kwa mshipa. Mkojo ukachukuliwa kupelekwa maabara. Kwa kuwa daktari hakupenda jinsi homa ilivyokuwa kali, Kijiko akawekwa chumba cha peke yake asije akaambukiza wengine, mwisho wa korido, mlango una kioo. Anayeingia avae joho la plastiki na glavu. Mama Kopo alimshika mwanawe mkono kwa mpira. Hakuna jambo la upweke kama hilo: unamshika mtoto na humgusi.

Siku ya kwanza ikapita, homa haikushuka. Siku ya pili mchana, akaja mtu wa maabara. Alikuwa kijana mrefu, joho limemfupia, na mikononi alipenda kushika visahani vya plastiki vyenye vifuniko, hata wauguzi walimwita Sahani. Alieleza kwamba wapo katika utafiti, wanataka kujua kwa nini dawa zilizokuwa zikitibu watu siku hizi zinashindwa, na vijidudu sugu vinatokea wapi. Alikuwa na fomu. Kijiko, pamoja na homa yake, alipomsikia muuguzi akilitaja jina lile alicheka kidogo.

"Mama ni Kopo, mimi Kijiko, wewe Sahani. Bado sufuria tu tupike."

Sahani akasema sufuria ni yule muuguzi mkuu, ila asimwambie. Ndiyo mara ya mwisho Mama Kopo kumsikia mwanawe akitania kwa sauti ile ndogo, ya kunong'ona, ya mtoto anayejisikia vizuri anaponong'ona.

Kisha Sahani akauliza lile lile la daktari. Mama Kopo akajibu lile lile. Sahani hakuandika. Alieleza polepole kwamba vijidudu vya mkojo wa mtoto vimepandwa kwenye sahani, vinaota, lakini jibu kamili litatoka kesho. Mpaka kesho daktari anabahatisha. Dawa ambazo mtoto ameshazizoea, hizo ndizo daktari anatakiwa aziruke asipoteze muda.

"Na muda ndio hatuna, mama. Figo zinaanza kuchoka."

Mama Kopo akasema hajampa kitu. Alisema mara ya tatu, na safari hii hata yeye aliisikia sauti yake ilivyo nyembamba. Ndipo Kijiko, macho yamefumba, akageuza kichwa kwenye mto.

"Mama, si unipe tu vya kopo? Vya njano. Nilikuwa napona."

Sahani alitazama kalamu yake. Mama Kopo baadaye alisema afadhali angemtukana. Wazee walishasema, mficha maradhi kifo humfichua. Yeye alisimama, akavua joho, akatoka, akaenda mpaka nyumbani bila kumjibu yeyote aliyemsalimia njiani, akashusha kopo kutoka juu ya kabati, akarudi nalo limefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Sahani alimwaga vidonge juu ya karatasi nyeupe akavipanga. Daktari aliitwa. Walihesabu aina kumi na moja. Mama Kopo alisimama pembeni akajibu yote: hivi siku mbili, hivi mara tatu, hivi vya msusi, hivi sijui. Daktari hakumgombeza. Aliuliza tu kwa nini, naye akamweleza habari za mtoto wa kwanza, na zahanati iliyofungwa. Daktari akaweka mkono begani kwake, ule mkono usio na glavu. Kisha akasema itabidi wabadili sasa hivi, wasingoje kesho. Imebaki dawa ya sindano, nzito. Ingeweza kumwokoa, lakini kwa watu wengine hugusa figo, na masikio pia. Wangempima kila siku, lakini hakuweza kuahidi.

"Angekuwa ameanza nayo jana, ningempa kwa siku chache kuliko hizi nitakazompa."

Hayo daktari aliyasema bila hasira, kama mtu anayesoma vipimo. Mama Kopo aliyabeba.

Kesho yake asubuhi Sahani akamwita mlangoni mwa maabara. Alimwonyesha sahani mbili. Ya kwanza ilikuwa na utando wa kijivu kama ukungu juu ya uji uliolala, na juu yake vidoti vya karatasi, kila kidoti kimeloweshwa dawa yake. Kuzunguka kila kidoti palikuwa na duara safi, peupe, kama mtu amefagia. Hapo vijidudu vimekufa, alisema. Hii ni ya mgonjwa mwingine, yeye atapona kwa vidonge tu.

Ya pili ilikuwa ya Kijiko. Ukungu ulikuwa umesogea hadi kwenye ukingo wa vidoti, umevikumbatia, kama majani yanavyokumbatia jiwe. Kidoti cha dawa ya njano hakikuwa na duara lolote. Kimoja tu, pembeni, ndicho kilichokuwa kimefagia kauwanja kake kadogo.

Mama Kopo akauliza vijidudu vimejifunzaje. Sahani akasema havijifunzi kama mtoto wa shule. Ni kama shamba lililokosa mvua: mimea milegevu inakufa, ile michache migumu inabaki, na mbegu za msimu ujao zinatoka kwa hiyo migumu. Dawa kidogo, mara kwa mara, bila kupimwa, ni kupalilia shamba la adui. Unang'oa wanyonge, unawaachia nafasi wakorofi.

"Kwa hiyo nilikuwa nawalea," Mama Kopo akasema.

Sahani akairudisha sahani ya pili mahali pake.

Kijiko hakufa. Liandikwe wazi, msomaji asiende na wasiwasi. Homa ilishuka siku ya nne ya sindano, figo zikarudi. Walikaa wiki tatu. Kopo lilibaki maabara, na Mama Kopo hakulidai.

Waliporudi nyumbani, watu wa utafiti wakawafuata, kwa kuwa Mama Kopo aliwaambia ni nani na nani walishakunywa vya kopo. Wakaomba kuchukua maji ya bomba, mkojo, na vinyesi. Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Mlinzi wa chumba cha pili alisema tangu azaliwe hajawahi kuombwa zawadi ya namna hiyo. Watu walicheka, lakini majibu yalipotoka kwamba vijidudu sugu vimekutwa vyumba vitatu, kicheko kilikatika. Walisahau kwamba walikwenda kuomba kwa miguu yao. Msusi, ambaye mtoto wake mchanga alikuwa mmoja wa waliokutwa navyo, alisema neno moja tu uani mwa nyumba, mbele ya wote: kwamba wengine hawatosheki na kuzika wa kwao. Kisha hakuja tena kunyoosha mgongo.

Hodi zikakoma. Ilikuwa kama mtu ameziba bomba.

Wiki ya pili nyumbani, Mama Kopo alikuwa akishona kola, Kijiko amekaa kitandani anachora. Kijiko akainua kichwa.

"Mama, cherehani umeitia mafuta gani? Mbona siku hizi inashona kimya?"

Mama Kopo aliusimamisha mguu. Kisha akaendelea kukanyaga, kwa nguvu zaidi, chuma kinalia nyumba nzima, na mtoto akarudi kwenye kuchora kwake. Mtaalamu wa masikio alithibitisha baadaye. Sauti nyembamba zimekwenda: ndege, kunong'ona, kengele ya shule. Nzito zimebaki kidogo. Zilizokwenda hazitarudi. Kijiko alijifunza kutazama midomo, na Mama Kopo akajifunza kutomwita kwa nyuma.

Miezi minne ilipita hivyo. Siku moja alasiri alivuta droo ya cherehani kutafuta vifungo, akakuta kitambaa kimefungwa fundo. Ndani vidonge vitatu vya njano. Akiba ya akiba. Hata hakukumbuka alivificha lini. Alikuwa bado amevishika kiganjani mlango ulipopigwa hodi.

Alikuwa msusi. Mtoto mgongoni, mashavu yanawaka. Hakukaa, hakuuliza hali, lakini alisimama mlangoni pale pale alipozoea kuegemea, na Mama Kopo alinusa mafuta yake ya nywele akajua jinsi alivyokuwa amemkosa.

"Dada, najua kopo walilichukua. Lakini nakujua wewe. Huwezi kukosa hata viwili."

Mama Kopo alifumba kiganja. Ilikuwa rahisi mno. Vidonge viwili, na kesho msusi angepita, na keshokutwa mtoto angelala juu ya vitambaa.

"Sina cha kumpa," akasema. "Twende zahanati. Nitambeba mimi, wewe mgongo unakuuma."

"Foleni ya pale unaijua?"

"Naijua. Nitapanga mimi."

Msusi akamkaza mtoto mgongoni. "Wa kwako ulimpa, wangu unamnyima. Umekuwa daktari siku hizi." Akageuka. Mama Kopo alimfuata hadi njia panda akimsihi, akimwambia wampime kwanza, wampime tu, lakini msusi hakupunguza mwendo. Kushoto ni zahanati. Kulia ni duka la dawa. Msusi alikata kulia.

Mama Kopo alirudi ndani. Vidonge vile vitatu alivifunga kwenye karatasi na kuviweka juu ya pochi, ili kesho avirudishe hospitalini. Kijiko alikuwa anachora, mgongo kwa mlango, na hakujua kwamba mtu alikuja wala kwamba mtu ameondoka. Mama Kopo akaketi, akaweka kola chini ya sindano.

Hata sasa akishona husimamisha mguu ghafla na kutega sikio, akidhani amesikia hodi. Zamani angemuuliza mwanawe: eti kuna mtu?