Kilo ya Mbele

Bibi yangu Clotilde, mwenye niliowa, alikuwa anauzisha ku soko bintu ya occasion, ya mutumba, yenye kutoka Bulaya: bikombe, mapasi, masaha, batoto ba plastiki bila macho. Wakati alikufa, jamaa yake ilikuya kugabula bintu, kila muntu akabeba yenye alipenda. Mu kifuko ya mwisho kukabakia paka kamotokari kamoya tu ka kuchezea, kenye mapine kubwa ya meno-meno, na telekomande yake ya kukaendesha. Hakuna muntu alikataka, juu batiri ilikuwa ya kufa. Nikakaweka chini ya kitanda, kakalala pale karibu mwaka muzima.

Motokari ya namna ile haiko ya mbio. Iko ya kupanda mabwe, pole-pole, sawa muzee mwenye kutafuta fasi ya kutia muguu. Nilikatosha chini ya kitanda mu mwezi wa kumi, wakati joto inalalisha hata bambwa mu barabara, na jacaranda ya jirani inamwanga maua yake ya bluu mu lupango yangu, kiwanja ya nyumba, bila kuuliza. Nilikuwa na kazi nako. Kulikuwa kunabakia juma tatu tutoshe kilio ya Clotilde, tumalize matanga yake, na mi nilikuwa na neno ya kusema.

Nielezee neno ile. Kwetu tunaikala chini, ku bonde, na njia ya kwenda ku lopitali inapanda. Ile njia bakubwa ba serikali balikuya kuifungua na muziki. Balikata kamba, balipiga foto, balimwanga mabwe kiloko, ya kidogo-kidogo, juu ya udongo, bakarudia mu motokari zao ndefu zenye kupita fasi yote. Mvula ya kwanza ikabeba mabwe. Ya pili ikachimba shimo yenye ngombe inaweza kulala. Tuliandika barua. Mi sikusoma mingi, lakini barua ile nilitia mukono, na bakanijibu kama dosie, faili yetu, iko njiani. Dosie iko njiani. Sisi njo hatuna njia.

Clotilde akashikwa na tumbo siku ya tatu ya juma, saa ine ya asubui. Ruphin, ndugu yake, akakuya na taxi yake, Ist ya nyeupe. Tukamulalisha nyuma, mama yake, Julienne, akamushika kichwa. Mu katikati ya mupando, pa libwe moya ya mweusi, motokari ikakataa kupanda. Mi nilikuwa nyuma, nasukuma. Mapine inazunguka, inakula mabwe, inanipiga nayo mu magoti. Kisha Ruphin akarudisha motokari chini, tukazunguka na barabara ya mbali, saa nzima na zaidi. Clotilde akafia pa mulango ya lopitali, pale pale, mbele ya kumuuliza hata jina.

Njo vile nilikuwa nahadisia bantu mwaka muzima: mi nilisukuma mpaka mikono ikavimba, Ruphin akashindwa.

Na kwetu, siku ya kutosha kilio, mbele ya kumwanga mayi pa mulango, mukubwa wa jamaa anauliza nani iko na neno juu ya kifo hii. Mwenye neno anasema. Kisha mayi inamwangika na kinywa inafungwa. Kama hukusema siku ile, utakufa na neno yako mu tumbo. Bakubwa ba barabara, nilijua habatakuya kuikala ku kiti ya plastiki mu lupango yangu. Ruphin, atakuya. Muntu anapiga mwenye mukono inafika.

Nilitaka jamaa yote ione na macho kama njia ile inapandika. Kama kamotokari ka kuchezea kanapanda, basi mwenye alikuwa na moteri muzima alishindwa juu ya nini?

Nikajenga njia ile mu lupango, pembeni ya choo, na udongo mwekundu na mabwe ya mweusi yenye kutoka ku mafuru ya zamani ya kuyeyusha shaba. Sikupima na metre. Nilipima na miguu, juu miguu yangu ilikuwa inaijua mupaka mu usingizi. Ikapata urefu ya mulango mbili. Batiri nikaunga ingine, ya ordinateri, kompyuta ya kufa, nikaifunga nyuma fasi ya zamani ilikuwa. Nikafinya telekomande. Kamotokari kakalia kidogo, ziii, sawa mubu, kakaenda hatua tatu na kakalala mugongo.

Kisha siku zikakuwa moya tu, ndefu. Sikukumbuka kula kama jirani hakugonga na sahani ya bukari, ugali yetu. Mapine ilikuwa nguvu sana. Nikaipasua na wembe katikati ya meno, nikatosha kintu ya ndani na nikatia sifongo ya godoro, pine ikaanza kulala juu ya libwe na kulikumbatia. Nikatosha kifuniko ya plastiki ya juu, yenye rangi na vioo ya uongo, juu buzito ya kichwani njo inaangushaka. Pinyo, kagurudumu ka meno ka moteri, nikabadirisha, nikatia ya meno kiloko, mwendo ikapunguka lakini nguvu ikazidi. Resori, zile springi, nikalegeza. Miaka makumi mbili na tatu nilifanya kazi ku reli, ku mashini ya kusukuma mabehewa, mbele ya bakubwa bengine kusema kama kazi ilikwisha. Shule nilikosa, lakini ile nilijua: mashini haivute sababu iko na nguvu. Inavuta sababu iko nzito fasi inagusa chuma.

Nilijua, na sikuitumia. Muntu anaweza kujua kintu na mikono yake na kuificha kichwa yake.

Siku moya Ruphin akapita kuuliza kama tutalomba biti ngapi ya kuikalia bageni ku parokia. Iko muntu ya kukonda, suruali inamushika juu ya huruma tu. Akasimama juu ya kilima yangu.

"Bulamu, sasa ulirudia butoto?"

Zamani ningemujibu. Bulamu na bulamu, shemeji na shemeji, banatukanana, njo chumvi yao. Lakini mwaka ile yote sikumupatia hata kitukano kimoya.

"Biti makumi tatu," nikasema.

Akachuchumaa. Akaangalia njia, kidole yake ikafuata shimo, ikafuata mupindo, bila kugusa. "Iko kwetu hii," akasema. "Lakini libwe ya mweusi ulikosea. Ilikuwa zaidi ku kushoto. Na mbele yake kuko kashimo, pine inaingia mbele ya kupanda." Akabeba libwe na mikono yote mbili, akaiweka fasi yake. "Mi ninaiotaka mu ndoto kila siku, bulamu. Hata muchana."

Akaenda. Nikafinya telekomande. Na libwe ikiwa fasi yake ya kweli, kamotokari kalifika pale, pine ya mbele ikaingia mu kashimo, ikapanda libwe, na pua ikasimama yulu. Mapine ya mbele ikazunguka mu hewa, haigusi kintu. Kakaanguka na mugongo. Mara ya kwanza, mara ya makumi ine, paka vile vile.

Kulibakia siku mbili. Saa ya munane, jua inakuwa nyeupe, na mi nikaikala ku kiti na telekomande mu mapaja. Maua ya bluu ilikuwa inaanguka moya-moya juu ya njia, na kila moya ilikawia kufika. Nikaona Clotilde. Aliikala juu ya kilima yangu, kadogo sawa kidole, na kifuko yake pembeni, anapanguza bikombe.

"Baba Syntiche," akasema, vile alikuwa ananiita na jina ya mutoto wetu, "njia hii uliijenga muzuri kupita bakubwa."

"Balikata kamba," nikasema. "Mi sikukata hata kamba."

Akacheka. Alikuwa anachekeaka mu pua. Akapanguza kikombe, akaiangalia ku jua, akaiweka chini. Kisha akasema na sauti ingine, sauti ya siku ile, ya muntu mwenye kuuma meno:

"Ingia basi."

"Mama yako iko ndani."

"Ninajua. Ingia basi."

Nikaamuka. Ua moya ilikuwa ku mukono yangu, na mi nilikuwa ninasikia sauti ya pili, yenye nilikuwa nimeifunga na misumari mwaka muzima. Sauti ya Ruphin, kichwa yake inje ya kioo: "Bulamu, mapine ya mbele iko mwepesi. Ingia ku kiti ya mbele, unipatie kilo."

Ist inavutaka na mapine ya mbele. Nyuma kulikuwa bamama babili. Mbele kulikuwa Ruphin, mwenye upepo inaweza kubeba. Na kiti pembeni yake ilikuwa bure, bila muntu. Mi ninapima kilo makumi munane na sita.

Lakini ndani mulikuwa mama-mukwe. Kwetu, muntu haingie mu kafasi kadogo na mama ya bibi yake, pumuzi kwa pumuzi, mugongo yake mbele ya macho ya mama. Tangu niliowa, Julienne akikuya ku mulango ya mbele, mi natokea ya nyuma. Njo heshima. Nilijibu: "Nitasukuma." Ruphin akalomba tena. Clotilde akasema ingia basi. Nikasema nitasukuma.

Nikapiga magoti pa kilima yangu. Nikafungua batiri nyuma, nikaifunga mbele, chini kabisa. Waya ya mukuba, shaba ya moteri moya ya kuungua, nikaizungusha ndani ya jante, rimu mbili za mbele, mupaka zikakuwa nzito mu mukono sawa mayai ya bata. Sikutaka kufinya. Nikafinya.

Kamotokari kakafika pa libwe. Pine ikaingia mu kashimo, ikapanda, pua ikanyanyuka kidogo sana, ikafikiri, ikashuka. Meno ikashika. Kakapita pole-pole juu ya libwe ya mweusi, sawa haiko kintu, kakaenda mupaka yulu fasi Clotilde alikuwa aliikala, kakagonga ukuta ya choo, mapine ikaendelea kuzunguka mupaka nikakumbuka kuachilia kidole.

Siku mbili zile sikulala muzuri wala sikuamuka muzuri. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kabisa kuonyesha kamotokari kanapanda na kuelekeza kidole ku Ruphin. Nani angefungua jante kutafuta waya?

Siku ya Mungu bakakuya. Mujomba Stéphane, mukubwa wa jamaa, aliikala mbele na kikombe ya mayi. Mama Julienne alinipatia mugongo, kitenge ku kichwa, vile inafaa. Ruphin alisimama ku mulango, sawa muntu mwenye kungojea kufukuzwa.

"Nani iko na neno?" Mujomba Stéphane akauliza.

Nikasema niko nayo. Nikabaita ku kilima pembeni ya choo, bakakuya, bengine na kucheka kidogo. Nikatosha waya ya mukuba mu jante, nikarudisha batiri nyuma, nikafinya. Kamotokari kakapanda, kakasimama, kakaanguka. Nikarudisha kilo mbele, polepole, bote bakiangalia vidole vyangu. Kakapanda.

"Njo ile," nikasema. "Ruphin alinilomba kilo mbele. Mara mbili. Clotilde pia alinilomba. Mi nilikataa juu ya mama. Njia ni bakubwa, na mupaka nife nitasema ni bakubwa, Mungu abaulize kwa zamu yao. Lakini kiti ni mi."

Maua ikaanguka. Mujomba Stéphane akaangalia kikombe yake, hakuimwanga.

"We Ruphin," akasema ku mwisho, "juu ya nini hukusema?"

Ruphin akajikuna shingo. "Alikuwa analia. Nikaona afazali anichukie mi kuliko kujichukia ye mwenyewe. Mi niko na mugongo munene."

"Mugongo munene," nikasema. Sauti ilitoka bila kunilomba ruhusa. "We kijiti ya kiberiti. Unaoga, mayi inakukosa."

Akaniangalia, sawa muntu mwenye kusikia jina yake kutoka mbali. "Nyamaza, kifuko ya unga," akasema. "Bakikutia mu mizani, inalomba likizo."

Mujomba Stéphane akamwanga mayi pa mulango.

Mangaribi, mama Julienne alitaka kurudia kwake, yulu ya mupando. Ist ya nyeupe ilikuwa pale. Ruphin alitaka kuzunguka na barabara ya mbali, juu njia iko paka ile ile, shimo ilizidi hata. Mama akaingia nyuma, akapanga kitenge yake, akaangalia ukuta. Na akasema, haiko kwangu, kwa Ruphin:

"Pita hapa. Mulombe bwana ya Clotilde aingie mbele."

Nilisimama. Miguu yangu ilikuwa inajua kwenda nyuma ya motokari kusukuma. Kisha nikafungua mulango, nikaikala, kamotokari juu ya magoti. Sikugeuka. Pumuzi ya mama ilikuwa inagusa shingo yangu, na mi nikaangalia paka mbele tu.

Ruphin akatia gia ya kwanza. Tukaacha nyumba ya mwisho, tukaingia mu shimo, tukatokea. Pa libwe ya mweusi pine ikashuka mu kashimo, pua ya motokari ikanyanyuka, na mi, bila kujua, nikajiinamisha mbele mupaka kipaji ya uso yangu ikagusa kioo.

Mapine ikashika.