Dawa ya Minyoo

Nitasema mapema ili usije ukampa mtu mwingine lawama: aliyemuua mbwa wangu ni mimi. Rungu lilikuwa la jirani, na siku hiyo mimi nilikuwa Sirisia, mbali na Kitale, nimeketi kwenye kiti cha plastiki nikimsikiliza mzee wa ukoo. Lakini ni mimi.

Naitwa Nasimiyu. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, nikastaafu, na sasa ninakaa kwenye ploti yangu nje kidogo ya mji wa Kitale. Mume wangu alifariki, wanangu wako Nairobi na mambo yao, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Karani. Karani alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikaa langoni akimkagua kila anayeingia, utadhani anataka kuona barua. Watu wa huku hawamdekezi mbwa. Kazi yake ni kubweka, chakula chake ni ugali uliobaki, basi. Mimi nilimpikia, na anayetaka kucheka na acheke. Nilimpenda yule mbwa kuliko baadhi ya watu wa ukoo wangu.

Mwaka jana alianza kuanguka. Mara ya kwanza alikuwa anakunywa maji, akakakamaa miguu yote minne, akaanguka ubavu, akatetemeka na kutoa povu mdomoni. Nilipiga magoti pale uani nikalia kwa sauti. Daktari wa mifugo alipomwona alisema ni kifafa, kwamba mbwa pia hupata, na akamwandikia vidonge: kimoja asubuhi, kimoja jioni, bila kuruka hata siku moja. Alinionya mara mbili kwamba nikivikatisha ghafla, ugonjwa utarudi na nguvu kuliko mwanzo. Nikavitoa kwa saa ile ile kila siku, na Karani akaacha kuanguka.

Sikumwambia mtu. Huku kwetu kifafa hakitajwi. Nyumba ikijulikana ina kifafa, binti zake hawapati wachumba, na watu hukumbuka ghafla kwamba bibi yenu alikuwa mchawi. Na mbwa je? Wangesema nimetupiwa kitu, kikanikosa mimi kikampata mbwa. Mimi, mwalimu mzima, niliyesimama mbele ya watoto nikiwafundisha sayansi, niliona haya sawa na mtu ambaye hakuwahi kushika kitabu.

Kisha Bramwel, kaka yangu, akanipigia simu kutoka nyumbani Sirisia. Baba yetu, Mzee Wabwile, amelala. Nije Alhamisi, tutazika Jumamosi.

Nililia, nikaoga, halafu nikamfikiria Karani. Kuna binti mmoja hapa mjini, Judy, aliyesomea afya ya mifugo, na kazi yake ni kutunza wanyama wa watu waliosafiri. Anakuja kwako asubuhi na jioni, analisha, anatoa dawa, na kila jioni anakutumia video ya mnyama wako kwenye simu. Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Akanikaribisha kiti, akatoa daftari na kalamu.

"Mama, pole kwa msiba. Sasa niambie kila kitu, hata kile unaona aibu. Anakula nini? Anaogopa nini? Anameza dawa gani na ni ya nini? Daktari wake ni nani, nimpigie kukiwa na shida?"

Niliitazama ile kalamu. Niliona neno kifafa litaandikwa hapo, na jina langu juu yake, katika mji ambao nusu ya wazazi wananijua. Nikamwambia Judy nitafikiria, nikaondoka.

Njiani nilijipa sababu nyingine. Nilimpigia Bramwel, naye akanisaidia kujidanganya.

"Kulipa mtu arinde umbwa? Dada, hiyo ni mambo ya wazungu bana. Si uko na majirani?"

Ninao. Kipkorir na mkewe Jelagat wanapakana nami, ua kwa ua. Wanafuga ng'ombe watano wa maziwa na wana roho safi, sina neno baya juu yao hata leo. Nilipomgusia Kipkorir kwamba nilikuwa nataka kutafuta mtu wa kumtunza Karani, alikunja uso kabisa.

"Ati ulipe mtu na mimi niko? Hapana, Mwalimu. Hiyo mbwa ni yetu pia. Wewe enda uzike mzee."

Nikapeleka kilo mbili za sukari, akazirudisha. Basi nikampa chakula cha Karani, nikamwonyesha kipimo, na mwishowe nikatoa vidonge. Nilikuwa nimevitoa kwenye pakiti yake na kuvifunga kwenye karatasi ya daftari, ili jina la dawa lisisomeke.

"Hizi ni za nini?" aliuliza.

"Za minyoo," nikasema. "Asubuhi moja, jioni moja. Usisahau, tafadhali."

"Minyoo," akasema, akivigeuza kiganjani. "Sawa."

Fikiria ujinga huo. Ningemdanganya karani wa benki, angalau. Lakini nilimdanganya mfugaji, mtu aliyewapa ng'ombe wake dawa ya minyoo tangu akiwa kijana, anayejua kama jina lake kwamba dawa ya minyoo hutolewa mara moja, ukangoja miezi mitatu ndipo ukarudia. Hakunibishia, kwa sababu mimi ni mwalimu na nilikuwa nimefiwa.

Tulimzika baba Jumamosi. Nilikusudia kurudi Jumapili, lakini wazee wakakaa wakasema Mzee Wabwile hakuwa mtu wa kuzikwa na kuachwa hivyo, lazima afanyiwe kumuse. Siku ya tatu baada ya mazishi, mzee mwenye kipawa hicho husimama mbele ya ukoo na kusema: historia, makosa yetu, ugomvi wa mashamba, nani aache pombe. Hutembea akienda na kurudi, na akianza hakuna anayempita mbele. Mtoto wa marehemu hawezi kukosa. Mimi ndiye binti wa kwanza.

Jumapili jioni nilimpigia Kipkorir kumwambia nitachelewa mpaka Jumatano.

"Hakuna shida, Mwalimu. Mbwa iko sawa. Inakula sana."

Swali lilikuwa kwenye ulimi: unampa vidonge? Lilikaa hapo. Ningemuulizaje? Mtu amekataa hata sukari, anaamka kukamua ng'ombe wake kisha anavuka ua kulisha mbwa wangu, halafu nimsimamie kwa simu kama mtoto wa darasa la pili? Judy ningemuuliza mara kumi kwa siku, na angenijibu kwa video, maana ndiyo kazi yake. Mtu anayekutendea hisani humuulizi. Unamshukuru tu.

"Huko kumenyesha?" nikauliza.

"Imenyesha kidogo," akasema, nami nikamshukuru.

Jumanne, mzee alipokuwa akisema kuhusu watoto wanaorithi mashamba na kusahau heshima, simu yangu ilitetemeka mara nne kwenye mkoba. Niliiona ni ya Jelagat. Sikuweza kuinuka. Mzee alipomaliza kusema, jua lilikuwa limeshapinda, na nilipopiga, Jelagat alisema maneno machache tu.

"Mwalimu, pole. Karani alishikwa na kichaa. Imebidi."

Sikumbuki vizuri safari ya Jumatano. Ninakumbuka lango langu likiwa wazi, na uani doa kubwa lililomwagiwa majivu. Walikuwa wamemzika nyuma ya choo. Mnyororo ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa kwenye kizingiti, kwa adabu, na hilo ndilo lililoniangusha. Nilikaa chini pale pale na viatu vya safari.

Jelagat alikuja akanishika mkono, akanieleza. Karani alianguka Jumatatu mara moja, wakadhani ni joto. Jumanne adhuhuri alianguka langoni, akainuka, akaanguka tena, akawa hakomi. Povu, macho yamegeuka, meno yanagongana. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walisimama. Mwezi uliopita mbwa mwenye kichaa aliwauma watoto wawili upande wa chini, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wakaanza kuokota mawe.

"Baba Chepchumba aliwazuia," Jelagat alisema, maana hivyo ndivyo anavyomwita mumewe. "Aliwaambia hii ni mbwa ya Mwalimu, haitauawa kwa mawe. Akachukua rungu yake akafanya mwenyewe. Mara moja tu, Mwalimu. Haikuteseka."

"Yuko wapi?"

Jelagat aliangalia kwao. "Hataki mtu amkaribie."

Kipkorir alikuwa amehamia kwenye stoo ya majani ya ng'ombe. Alikuwa na kidonda kidoleni, kisu cha kukatia majani kilimkata wiki iliyopita, na alipombeba Karani kumzika, povu lilimpata pale. Alikwenda hospitalini akadungwa sindano ya kwanza, akaambiwa kuna nyingine zimebaki, na jirani mmoja mwenye mdomo akamwambia anamjua mtu aliyedungwa zote na bado akafa akibweka. Sasa alikuwa na sahani yake, kikombe chake, na watoto walikatazwa kupita mlangoni. Nilimkuta ameketi juu ya gunia. Alikuwa hajanyoa. Aliponiona alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Kaa huko, Mwalimu. Usikuje karibu."

Mtu huyu alikuwa anangoja kufa. Na mimi peke yangu katika Trans-Nzoia nzima nilijua kwamba hafi. Nakiri kwamba kwa dakika nzima nilifikiria kunyamaza. Atamaliza sindano, nilijiambia, atapona hofu, na mimi nitabaki Mwalimu. Nilifikiria hivyo nikiwa nimesimama mbele yake, na ninajichukia mpaka leo.

"Kipkorir," nikasema, "ulimpa vile vidonge?"

Aliinamisha kichwa. "Ile siku ya kwanza nilimpa. Mara mbili. Nikaona anasinzia sana. Nikasema dawa ya minyoo kila siku itaua mbwa ya watu. Nikaacha. Nisamehe, nilitaka kukuambia kwa simu, nikaona uko na msiba."

"Haikuwa dawa ya minyoo."

Nikamwambia yote. Kwamba Karani alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa na cheti ninacho ndani ya kabati, na kesho nitampelekea daktari wa kule hospitalini alikodungwa. Kwamba ilikuwa dawa ya kifafa, na ikikatishwa ghafla ndivyo inavyokuwa. Kwamba nilivitoa vidonge kwenye pakiti kwa makusudi. Kwamba niliona haya. Jelagat, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, alishusha ndoo aliyoibeba.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Kipkorir alitazama mikono yake, ile mikono iliyoshika rungu.

"Kifafa," alisema. "Sikujua mbwa hushikwa."

"Hushikwa."

"Mimi ningejua, Mwalimu." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Hiyo kitu naijua. Ningemlaza ubavu. Ningefukuza wale watu, nimwekee gunia chini ya kichwa, na ningojee iishe. Kwa Chepchumba huwa ni kama dakika tatu."

"Baba Chepchumba!" Jelagat alisema kwa ukali, akageuka kuangalia nje kama kuna mtu amesikia.

Chepchumba ni kifungua mimba wao. Nilimfundisha darasa la tano. Alikuwa akikosa shule siku mbili, siku tatu, na alikuwa analeta barua ya baba yake kwamba alikuwa na malaria. Muhula mmoja nilichoka na hizo malaria. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita mtoro, nikamfanya aombe radhi darasa zima, na yule mtoto aliomba radhi. Sasa ameolewa Bumula. Sijui kama mumewe anajua.

Niliwaambia hapo hapo nilivyomwaibisha mtoto wao, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha. Jelagat alisema anakumbuka siku ile, mtoto alirudi nyumbani akakataa chakula. Kisha Jelagat aliingia akapita mbele yangu, akaketi kwenye gunia karibu na mume wake, bega kwa bega, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Kipkorir alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama mzazi anavyomuuliza mzazi mwenzake:

"Na ya Karani, ilikuwa inachukua dakika ngapi?"

"Mbili," nikasema.