Interviu ya Kavata

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Ilikuwa mwaka wa 1996. Daktari Wamucii, mtu wa Nyeri, alikuja katika hospitali moja ya misheni huko Kitui na mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Alikuwa anaanzisha jambo ambalo kwetu halikuwa limesikika: kumpasua mtu kichwa, kuondoa kile kisehemu kinacholeta kifafa, na kufunga tena. Kupasua kungefanyiwa Nairobi. Kitui ilikuwa kupima na kuchagua tu. Watu kumi na wanne, nafasi tatu.

Dada yangu Kavata alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na kifafa alikuwa nacho tangu akiwa na minane. Dawa zilipunguza, hazikumaliza. Mkono wake wa kushoto uliungua jikoni. Mwanamume wa Kasikeu aliyemchumbia alimwona akianguka kanisani, akakumbuka ana shughuli nyingine, na mpaka leo anashughulika.

Mimi, fundi wa baiskeli pale Mukuyuni, ndiye niliyemsindikiza. Nimeanguka interviu sita maishani, kwa hivyo nazijua. Siku ya kwanza Sista Mumbua alizichukua tembe zote za Kavata, akasema hatazimeza mpaka wamalize kumpima. Sababu aliieleza, lakini wakati huo mimi nilikuwa nashangaa nyaya alizobandikwa dada kichwani kwa gundi. Nikajiambia: huu ni mtego. Wanataka kuona ni nani atakayejikaza.

Kwenye koti nilikuwa na pakiti nyingine. Kila asubuhi na jioni nikasaga tembe kwa kijiko na kuzikorogea kwenye uji wake. Kavata sikumwambia. Mtahiniwa hasumbuliwi.

Jumanne kijana wa Mwingi akaanguka. Jumatano mama mmoja wa Kibwezi akaanguka mara mbili. Niliwaonea huruma. Nikamnong'oneza Kavata, "Washindani wanapungua."

Ijumaa daktari akaja na bunda la karatasi za mashine.

"Bwana Ndolo, nyumbani dada yako huanguka mara ngapi?"

"Mara mbili kwa wiki, daktari. Lakini hapa umeona nidhamu yake."

"Nimeona. Siku tano, hakuna kitu."

"Kwa hivyo amepita?"

"Apite wapi? Mashine lazima imshike akiwa anaanguka, ndiyo tujue kifafa kinaanzia wapi. Siwezi kukata ubongo wa mtu kwa kukisia. Hapa, bwana, asiyeanguka ndiye aliyeanguka."

Nikatoa pakiti mfukoni nikaiweka kitandani. Ilikuwa imebaki na tembe nne. Sista Mumbua alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari hakucheka. Kavata aliitazama pakiti, akanitazama mimi, akarudi kwa pakiti.

"Hizi hazitoki mwilini haraka," daktari akasema. "Mashine ilikuwa iondoke kesho. Naweza kuizuia hadi Jumatano. Baada ya hapo ni mwaka ujao, kama huo mwaka utakuwepo. Huduma yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Na sitawadanganya: akikosa dawa siku hizo zote, huenda akaanguka vibaya kuliko kawaida. Tutakuwa hapa naye. Zungumzeni."

Akatoka na Mumbua wake.

"Vaa viatu twende nyumbani," nikamwambia Kavata.

"Mimi nabaki."

"Hukusikia? Vibaya kuliko kawaida!"

"Nimesikia. Masikio hayakubandikwa gundi."

"Kavata, wewe ukianguka huoni kitu. Mimi ndiye ninayeona. Macho yakigeuka vile, povu, na mimi nimekushika kichwa nikihesabu pumzi. Naogopa, dada."

"Basi wewe nenda. Ukaogopee Mukuyuni."

"Mashine itarudi. Umekaa na huu ugonjwa miaka ishirini. Mwaka mmoja zaidi ni nini?"

Akajilaza tena, akazikusanya nyaya taratibu zisibanwe na mto.

"Kama mwaka mmoja si kitu, huo uanguke wewe, Ndolo, na mimi ndiye niogope."